Nilikosea Kuhusu Wakanda Forever, Lakini Nusu Tu

Wadau wa siku nyingi mtakumbuka. Novemba 2022 nilipanda treni hapa Voi nikashuka Mombasa kuangalia Black Panther: Wakanda Forever, kwa sababu mji wetu una hoteli, magereji na malori ya kutosha lakini sinema ya maana hauna. Nauli, tiketi, bisi, soda, tuktuk ya kwenda na kurudi: hela ya wiki mbili ikaisha siku moja. Nikarudi usiku nimenuna, nikaandika hapa kwamba nimelipia matanga ya saa mbili na dakika 41. Nikaipa tano kwa kumi. Mkacheka, mkasambaza, na mpaka leo ile posti ndiyo iliyosomwa sana kuliko zote nilizowahi kuandika. Inaniuma kidogo, kwa sababu nusu yake ilikuwa upuzi.

Nusu tu. Nusu nyingine bado naisimamia.

Tuanze na historia ya muvi yenyewe, maana kuna wengine hapa mlikuwa darasa la tatu. Black Panther ya kwanza ilitoka Februari 2018. Wakenya tuliipokea kama arusi ya dada yetu: Lupita Nyong'o yuko ndani, na uzinduzi wake ukafanyika Kisumu kwao. Kwenye ramani za Marvel, Wakanda yenyewe imewekwa huku kwetu Afrika Mashariki, upande wa Ziwa Turkana, ingawa watu wake wanaongea Kixhosa cha Afrika Kusini. (Sababu ni mzee John Kani, aliyecheza mfalme T'Chaka. Yeye ni Mxhosa, akaongea lugha yake, na lugha ikabaki. Nimesamehe.) Ile muvi ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1.3. Kila mtu akasubiri ya pili.

Halafu tarehe 28 Agosti 2020 Chadwick Boseman akafariki kwa saratani ya utumbo. Alikuwa na miaka 43, na watu wengi hata hawakujua kwamba anaumwa. Ryan Coogler, mwongozaji, alikuwa ameshaanza kuandika hadithi ya pili na T'Challa ndani yake. Ikabidi aandike upya. Kuna mashabiki waliotaka mwigizaji mwingine apewe nafasi, wakapiga kelele sana mtandaoni. Marvel wakakataa. T'Challa naye akafa ndani ya hadithi, kwa ugonjwa, dakika za mwanzo kabisa, na sisi hatumwoni akifa. Tunamwona tu dada yake Shuri kwenye maabara akihangaika kutafuta dawa, kisha mama anaingia na kumwambia kwamba mtoto ameenda.

Mimi mwaka ule niliita huo ni udhaifu. Niliandika kwamba muvi ya shujaa lazima iwe na shujaa, na hapa tumekaa zaidi ya nusu ya muvi bila Black Panther. Hesabu yangu ilikuwa sawa. Maana yake ndiyo sikuiona.

Desemba iliyopita nilikuwa Rukanga kwa nyanya. Kwa wasiojua: ukitoka Voi kama unaenda Mombasa, unashuka Maungu, unaacha lami, unakula vumbi jekundu mpaka mlima Kasigau uanze kujaza kioo chote cha gari. Mlima umesimama peke yake pale tambarare, zaidi ya mita 1,600, na vijiji vimeuzunguka: Rukanga, Jora, Kiteghe, Bungule, Makwasinyi. Usiku kule hakuna mengi. Nilikuwa na muvi kwenye laptopu (msiniulize niliitoa wapi), nyanya akavuta kiti, akaniambia nimtafsirie.

Sasa jaribuni kumtafsiria nyanya wa miaka karibu themanini muvi ya Marvel. Vibranium nilisema ni madini kama yale yanayochimbwa hapo nyuma, ila yana nguvu. Akaelewa haraka kuliko mlivyoelewa nyinyi. Mazishi ya T'Challa, watu wamevaa nyeupe, jeneza linabebwa, ngoma, watu wanacheza na kulia kwa pamoja, aliyatazama bila kuuliza kitu. Mwisho akasema tu, "Hawa wanajua kuzika."

Tukafika kwa Namor. Kama umesahau: Namor ni mfalme wa Talokan, mji ulio chini ya bahari. Kwenye vitabu vya katuni alikotoka, yeye ni wa Atlantis na yuko tangu 1939, lakini Coogler akambadilisha, akampa asili ya Wamaya wa Mexico. Ndiyo akili kubwa kuliko zote kwenye muvi hii. Anamsimulia Shuri: karne ya 16 Wahispania walikuja Yucatán na ndui na minyororo. Kundi la watu wake wakanywa dawa ya mmea fulani, wakaweza kuishi ndani ya maji, wakaacha nchi yao. Mama yake alikuwa mjamzito. Alipofika kufa, miaka mingi baadaye, akaomba azikwe juu, kwenye udongo wa kwao. Kijana akampandisha mama yake nchi kavu, akakuta shamba la Mhispania, watu wa kwao wanapigwa kama ng'ombe. Akalichoma.

Nyanya akaniambia, "Simamisha hapo."

Nikasimamisha. Nikadhani anataka chai. Akakaa kimya, halafu akasema nyanya yake yeye alizikwa Malindi na hakuna anayejua wapi.

Hii stori nilikuwa nimeisikia vipande vipande tangu utotoni, nikaiweka kwenye kile kikapu cha "mambo ya wazee". Shuleni sikufundishwa. Nilifundishwa Bismarck na mkutano wa Berlin, ndiyo, na nikapata alama nzuri. Kwa hiyo wacha niiweke hapa wazi, maana ndiyo iliyonifanya niiangalie muvi upya.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza Agosti 1914, Wajerumani waliokuwa wanatawala Tanganyika walivuka mpaka wakaichukua Taveta mwezi huohuo. Lengo lao lilikuwa reli ya Uganda, ile ya kutoka Mombasa inayopita hapa Voi. Ukikata reli, umemkata Mwingereza koo. Waingereza nao wakaanza kujenga reli nyingine kutoka Voi kuelekea Maktau mwaka 1915, ili wapeleke jeshi upande wa Taveta. Ukiangalia ramani utaona shida ya Kasigau ilikuwa moja tu: mlima uko kati ya mpaka na reli. Una maji na kivuli, na ukiwa juu unaona mbali. Yeyote anayetaka kulipua reli kati ya Voi na pwani atautaka ule mlima.

Agosti 1915 Wajerumani wakaiteka kambi ndogo ya Waingereza iliyokuwa pale. Waingereza wakatafuta wa kumlaumu, wakawapata wenyeji. Wakasema Wakasigau ndio waliowaonyesha adui njia. Kama kuna aliyeonyesha njia, na kama alifanya hivyo kwa hiari au kwa bunduki mgongoni, haikujalisha. Waliadhibiwa wote. Watu wa mlima mzima, wazee, wanawake, watoto wachanga, walikusanywa wakahamishwa hadi Malindi. Watu waliozoea upepo wa mlima na maji ya mlima wakatupwa pwani kwenye malaria bila mashamba na bila mifugo. Wengi wakafa kwa magonjwa na njaa. Baadaye waliobaki wakasogezwa huku Taita, lakini kwao mlimani hawakuruhusiwa kurudi mpaka miaka ya 1930. Vita vilikuwa vimeisha 1918! Hesabu mwenyewe. Mtu aliyebebwa mgongoni akitoka Kasigau alirudi ana watoto wake.

Na kuna jambo ambalo lazima ulijue ndipo uelewe kwa nini nyanya alisimamisha muvi. Zamani, kabla wamishenari hawajaenea, Wataita hawakumzika mtu wakamsahau. Baada ya muda kaburi lilifunguliwa, fuvu la mzee likatolewa, likapelekwa pangoni pamoja na mafuvu ya waliotangulia, na ukoo ulikuwa unaenda pale kuwaambia shida zao. Mapango mengine bado yako, hata karibu na Wundanyi. Kwa hiyo kufa Malindi wakati ule hakukuwa kufa mbali na nyumbani tu. Ulikuwa umekatwa kutoka kwenye mstari wa watu wako. Hakuna wa kukufungua, hakuna wa kukubeba, pango lina pengo.

Kwa hivyo mimi naona mfalme mwenye mabawa ya ndege kwenye vifundo vya miguu (ambayo, samahani, bado naona yanachekesha), na nyanya anamwona mtoto anayembeba mama yake kumrudisha udongoni kwao. Nani kati yetu alikuwa anaielewa muvi?

Tulipoendelea nikaanza kuona vile muvi nzima imejengwa na mazishi. T'Challa anazikwa. Mama yake Namor anazikwa. Malkia Ramonda anakufa majini akimwokoa msichana ambaye hata si wake, anazikwa. Shuri amekataa kuchoma nguo zake za msiba, mama yake alijaribu kumfanya achome ile siku wako kando ya mto, akakataa kwa sababu akikaa na uchungu atateketeza dunia. Anakuja kuzichoma mwisho kabisa, Haiti, peke yake ufukweni, na hapo ndipo Boseman anaonekana bila sauti yoyote. Nilipokuwa Mombasa hiyo sehemu nilikuwa naangalia simu, natafuta saa ya treni. Aibu yangu.

Na hata ile sehemu bora kuliko zote niliipita kwa sentensi moja mwaka ule. Shuri anakunywa dawa ya mmea, anaenda kwa wahenga akitarajia kumkuta mama yake. Anamkuta Killmonger amekaa kwenye kiti cha enzi. Ukiwa na kisasi moyoni, mhenga atakayekupokea ni wa kisasi. Angela Bassett naye sisemi kitu, aliteuliwa kwa Oscar, mwigizaji wa kwanza wa muvi ya Marvel kuteuliwa kwa uigizaji, na alipofoka mbele ya baraza la wazee nyanya alisahau kwamba anahitaji tafsiri. Ruth E. Carter akachukua Oscar ya mavazi, ya pili yake. Zote ni haki.

Hapo ndipo nilipokosea. Sasa nusu ninayoisimamia.

Vita vya hii muvi ni vibaya. Simaanishi havivutii macho tu, ingawa chini ya maji kuna giza mpaka nilisogeza laptopu karibu na pua. Namaanisha havina akili. Watu wa nchi kavu, wenye teknolojia kuliko dunia nzima, wanaamua kwenda kupigana na watu wa baharini wapi? Baharini. Juu ya meli moja. Nyanya aliuliza swali hilo mwenyewe na sikuwa na jibu. Riri Williams, yule msichana wa chuo anayeunda suti ya chuma, mwigizaji wake hana kosa, lakini yuko pale kwa sababu Marvel walikuwa wanataka kumuuza baadaye; mfululizo wake Ironheart ukaja 2025. Ukimtoa na yale mambo ya maofisa wa CIA wanaozozana kama wanandoa walioachana (na kweli waliachana), umeokoa kama nusu saa.

Lakini hayo ni madogo. Kubwa ni hili. Angalia nani alianzisha. Mwanzoni askari wa Ufaransa wanavamia kituo cha Wakanda kule Mali kuiba vibranium. Kisha Wamarekani wanaweka mashine baharini kutafuta madini hayohayo, ndiyo inawafikisha mlangoni pa Talokan. Yaani wezi tunawajua kwa majina. Halafu nini? Wakanda na Talokan, watu wawili waliokuwa wanajificha kutoka kwa mwizi mmoja, wanaanza kuuana. Mji unafurika maji, watu wanazama, malkia anakufa. Wezi wako wapi? Wako ofisini. Muvi inaisha na hakuna hata mmoja wao aliyelipa kitu, na muvi haishtuki.

Nilipolalamikia hili kwa sauti, nyanya akaniambia, "Si ndivyo huwa? Mjerumani alienda kwao. Mwingereza alienda kwao."

Amenipiga hapo, nakubali. Historia huwa hivyo. Nenda hapa Voi kwenye makaburi ya vita, utaona mawe yamepangwa mistari, na majina na tarehe. Taveta vilevile, vita vya Salaita, 12 Februari 1916, Waafrika Kusini walipigwa vibaya na jeshi la Lettow-Vorbeck, na waliokufa wana mawe na majina yao. Wageni huja kuyatembelea. Ni vizuri, kila mtu ni mtoto wa mtu. Hata wale simba wawili wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898 wamehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho Chicago, na walitengenezewa muvi mwaka 1996, ambayo ilipigwa picha Afrika Kusini. Simba wana makazi yanayojulikana. Nyanya yake nyanya hana.

Kwa hivyo sisemi kwamba muvi imedanganya. Nasema imeona ukweli halafu ikautazama pembeni. Coogler alijua kuweka Ufaransa na Marekani pale mwanzoni, hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kutuachia hata dakika mbili za mwisho tuone wale watu wanakunywa kahawa yao huku Wakanda wanatoa maiti kwenye tope, tukasirike wenyewe. Badala yake tunapewa Shuri na Namor jangwani, wawili, mkuki shingoni, anasalimu amri, vita vimekwisha. Wafalme wawili wamepatana. Raia waliozama walimtuma nani apatane kwa niaba yao? Kwenye muvi nzima sikumbuki raia wa kawaida wa Wakanda ambaye tunamjua kwa jina. Wote ni wa ikulu, wa jeshi au wa maabara.

Na mimi ni mtu wa Taita Taveta, kwa hivyo nitauliza swali ambalo muvi zote mbili zimelikwepa: nani anachimba hiyo vibranium? Huku kwetu tuna jiwe la kijani linaloitwa tsavorite, jina limetoka Tsavo, na waliolipa jina hilo na kulitangaza duniani ni duka la vito la Tiffany la New York, mwaka 1974. Linachimbwa hapohapo upande wa Kasigau. Nimesoma na vijana wanaoshuka kwenye mashimo wakiwa na tochi na kamba, bila kofia ngumu. Jiwe likitoka, broka anakuja na bei yake mfukoni. Sehemu kubwa ya kaunti ni mbuga ya Tsavo tangu 1948, nyingine ni mashamba ya mkonge na ranchi, na mwenye shimo na mwenye ardhi mara nyingi si mtu mmoja. Wakanda ina mlima mzima wa madini na sijawahi kuona mtu ametoka mgodini amechafuka. Hiyo ndiyo ndoto ya mtu ambaye hajawahi kuishi karibu na madini.

Mtaniambia ni muvi ya kujiburudisha, niache. Lakini ni wao walioleta Wahispania na ndui na minyororo. Ukileta historia mezani, wacha niile yote.

Alama mpya: saba. Nne za mazishi, mbili za Namor na mama yake, moja ya Ramonda. Vita sivipi hata nusu.

Tulipomaliza ile usiku ilikuwa karibu saa saba, nyanya hakulala. Aliniuliza Malindi ni mbali kiasi gani kwa gari siku hizi. Nikamwambia tukitoka asubuhi na mapema, jioni tumefika. Akaniuliza tukifika tunauliza kwa nani. Sikuwa na jibu, na bado sina. Tumepanga kwenda Aprili, shule zikifungwa, na leso yake nyeupe ameshaiweka kando. Kama uko Malindi, au una mzee nyumbani, Mgiriama, Mswahili, yeyote, aliyewahi kusikia mahali Wakasigau walipowekwa wakati ule wa vita, hata kama ni jina la kijiji tu, hata kama ni mti, niandikie hapa chini.